Thelathini na Nane kwa Kifaransa

Ofisini walimwita Bi Nukta. Jina hilo alipewa na wachapaji siku aliporudisha kitabu kizima cha maelekezo ya mashine ya kufulia kwa sababu ukurasa wa mwisho ulikosa nukta moja. Walimpa kwa kumkomoa. Yeye alilipokea kama cheo.

Alikuwa mfasiri, mjane, na mwaka unaofuata angetimiza hamsini. Ofisi ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la miwani: vyumba vitatu, makabati ya mafaili, birika la umeme lililopasuka mdomo, na ubao wa matangazo. Katikati ya ubao palibandikwa orodha ya wafasiri walioidhinishwa, majina kumi na manne. La kwake lilikuwa la tatu kutoka juu, na orodha hiyo ndiyo iliyokuwa ikimlisha mwaka wa kumi sasa. Kila asubuhi, kabla ya kuvua koti, alipita ubaoni kuangalia kama bado yupo. Hilo hakulihesabu kuwa ni wasiwasi. Alilihesabu kuwa ni utaratibu.

Basi mwezi mmoja ofisi ikapata kazi kutoka hospitali kuu. Lilikuwa dodoso la sentensi kumi na nane, limeandikwa kwa Kifaransa, la kupima wasiwasi wa wagonjwa. Hospitali ililitaka kwa Kiingereza, kwa kuwa mafaili yake yote yalikuwa kwa Kiingereza. Mgonjwa anasoma sentensi, kisha anazungushia namba: sifuri kama haimhusu kabisa, tatu kama inamhusu sana. Mwishoni namba zinajumlishwa. Asiyefika ishirini na nne anarudi nyumbani kwake. Aliyefika au kupita anamwona daktari.

Kazi ya namna hii ina taratibu zake. Mfasiri wa kwanza anatoa Kifaransa na kukiweka Kiingereza. Kiingereza hicho anapewa mfasiri wa pili, ambaye hajaiona asili, akirudishe kwenye Kifaransa. Kisha kamati inakaa, inaweka mezani Kifaransa kilichotoka na Kifaransa kilichorudi, na kuvitazama. Vikifanana, kazi imepita. Visipofanana, mfasiri wa kwanza anarudia, na mwisho wa kurudia ni mara ya tatu. Wafasiri hao wawili hawaruhusiwi kujuana. Wa pili walimwita Mrudishaji, na hakuna aliyejua kama ni mwanamume au mwanamke. Kilichojulikana ni kwamba aliandika maoni kwa kalamu nyekundu, na kwamba hakuwa na huruma.

Msimamizi wa ofisi alimwita Bi Nukta chumbani kwake. Alikuwa mtu mpole, ila alikuwa na mazoea ya kutafuta miwani yake kila alipokuwa na habari mbaya.

"Dada yangu, kazi hii nimekupa wewe. Ila hospitali wameweka sharti. Ikigonga mwamba mara ya tatu, jina linatoka kwenye orodha."

"Jina la nani?"

"Miwani yangu hujaiona?"

"Umeivaa."

"Ahaa." Akaishika. "Lako."

Bi Nukta akachukua karatasi akaenda kwenye meza yake.

Ugumu aliuona mara moja. Kifaransa kina *anxiété* na kina *angoisse*. Ya kwanza hukaa kichwani: mtu anawaza kesho, anawaza keshokutwa, mpaka chai inapoa mkononi. Ya pili hukaa mwilini: koo linabana, kifua kinakaza, pumzi inakuja nusunusu. Kiingereza cha hospitali hutumia neno moja, *anxiety*, kwa zote mbili, kama nguo za watu wawili zilizotiwa sanduku moja. Na dodoso liliuliza habari ya kwanza katika sentensi ya pili, na habari ya pili katika sentensi ya kumi na moja. Mtu asiye makini angemwuliza mgonjwa kitu kimoja mara mbili.

Bi Nukta alilimaliza jambo hilo kwa siku mbili. Sentensi ya pili aliipa neno lenyewe la hospitali. Ya kumi na moja aliipa neno lilelile, akaongeza palepale kwamba ni ile inayobana koo na kifua. Maneno yalikuwa machache, ya kueleweka, hayana madoido. Akaisoma kazi yote mara tatu, akaridhika.

Hapo angeipeleka, na hadithi hii isingekuwepo. Lakini alikuwa na desturi aliyomficha kila mtu pale ofisini. Hakuamini macho. Alipofasiri maelekezo ya mashine ya kufulia, alifua. Alipofasiri kijitabu cha mazoezi ya mgongo, alilala sakafuni akainua miguu, mpaka shangazi yake akadhani ameanguka na kwenda kumwita jirani. Tafsiri, kwake, ilikuwa sahihi pale ilipofanya kazi ileile iliyofanywa na asili.

Kwa hiyo alijaza dodoso. Jumatatu alijaza la Kifaransa, akalifungia kwenye droo. Alhamisi akajaza la Kiingereza. Akajumlisha.

Kifaransa, thelathini na nane. Kiingereza, kumi na moja.

Mtu mwingine angejiuliza habari ya nafsi yake. Bi Nukta alijiuliza habari ya vitenzi. Mtu ni yuleyule, wiki ni ileile. Namba ishirini na saba zimepotelea wapi kama si njiani? Akaamua Kiingereza chake kimepoa. Akaanza kukipasha moto.

Sentensi ya kumi na moja ilikuwa sasa inazungumza habari ya kitisho. Sentensi ya tatu, ambayo kwa Kifaransa ilisema tu *Napata shida kukaa nikingoja*, ikawa inasema kungoja kunanitesa. Akajipima tena: kumi na sita. Si haba. Akapeleka.

Baada ya wiki karatasi zilirudi na wekundu. *Sentensi ya 11: mwandishi wa asili anazungumzia mgonjwa, au mtu anayefukuzwa na mbwa?*

Kamati ikakataa. Bi Nukta akasoma maoni yale bila kupepesa macho, akaketi, akaongeza moto. Kitisho kikawa hofu kuu ya kifo. Shida ya kungoja ikawa siwezi kustahimili hata dakika moja. Akajipima: ishirini na mbili. Alikuwa njiani kufika. Akapeleka.

Wekundu wa mara hii ulikuwa mfupi zaidi. *Sentensi ya 3: nimelazimika kwenda kunywa maji.*

"Imebaki moja, dada yangu," alisema msimamizi, huku mikono yake ikipapasa juu ya meza.

"Umeivaa," alisema Bi Nukta.

Mara ya tatu ilitakiwa ofisini Alhamisi, saa nne asubuhi. Jumatano mchana aliomba ruhusa, akaenda kufanyia kazi nyumbani, kwenye meza ya jikoni.

Nyumbani aliishi na shangazi yake, dada mkubwa wa marehemu baba yake, mwenye miaka sabini na sita. Shangazi alifanya kazi miaka thelathini kwenye ubao wa simu wa posta, enzi ambazo mtu aliomba kuunganishwa, na kichwa chake kilikuwa bado kinashika chochote alichosikia mara moja. Mchana huo alikuwa upande wa pili wa meza, na kopo lake la vifungo, anashonea koti.

"Unajaza nini? Fomu ya pili hiyo wiki hii."

"Ya nne."

"Unaomba nini?"

"Siombi kitu, shangazi. Ni kazi. Ni maswali ya kupima wasiwasi."

"Nipime na mimi."

"Yako kwa Kifaransa na Kiingereza."

"Kwani mdomo wako una kidonda? Niambie yanasema nini."

Bi Nukta hakuwa na nguvu za kubishana. Akachukua karatasi ya Kifaransa, akawa anasoma kwa macho na kusema kwa Kiswahili. "Katika siku saba zilizopita, umehisi kwamba jambo baya liko karibu kutokea? Sifuri mpaka tatu."

"Si binamu yako alisema atakuja Jumapili?"

"Alisema."

"Na mkewe?"

"Na mkewe."

"Tatu."

"Mawazo ya kesho na keshokutwa yanakukosesha usingizi?"

"Huo ni wahaka. Ninalala kama gunia. Sifuri."

"Unapata shida kukaa ukingoja?"

"Nimekaa miaka thelathini nikisema subiri kidogo. Walioshindwa kungoja ni wao. Sifuri."

Wakafika ya kumi na moja. "Koo linakubana na kifua kinakaza bila sababu?"

"Sasa hiyo ndiyo jakamoyo. Alikuwa nayo mama yako. Mimi sina."

Bi Nukta akaacha kuandika, kalamu hewani. Yeye alitumia siku mbili kuyatenganisha yale maneno mawili, na bibi kizee ameyatenga bila kuinua macho kwenye sindano. Akaendelea mpaka ya kumi na nane, akajumlisha.

"Tisa. Uko salama."

"Nilijua. Haya, zamu yako."

"Mimi nimeshajaza."

"Kwa lugha za watu. Kaa vizuri." Shangazi akalisogeza koti pembeni, akamwaga vifungo mezani. "Kila namba, kifungo kimoja. Umehisi kwamba jambo baya liko karibu kutokea?"

Hakuwa na karatasi mbele yake. Alikuwa nayo kichwani, yote, kwa mpangilio.

"Shangazi, nina kazi ya kupeleka kesho."

"Umejibu. Tatu." Akasukuma vifungo vitatu upande wa Bi Nukta. "Mawazo ya kesho na keshokutwa yanakukosesha usingizi? Usinidanganye, nasikia mlango wa jikoni. Tatu. Unapata shida kukaa ukingoja?"

Bi Nukta akavitazama vifungo.

Miaka kumi na miwili nyuma mume wake aliugua, na mwajiri wake akampeleka kutibiwa katika mji wa watu wanaosema Kifaransa. Bi Nukta alikwenda naye. Kifaransa alikuwa nacho cha chuoni, cha insha na mitihani. Kule alikipata kingine. Miezi kumi na moja alikaa kwenye korido yenye viti vya plastiki vya kijani, akingoja mlango ufunguliwe na daktari atoke na neno. Kila neno lilipotoka, koo lilibana kwanza, ndipo maana ikafuata. Akishalipata aliingia ndani kwa mumewe na kulisema kwa Kiswahili, limepungua kidogo. Na kila Ijumaa aliandika barua kwa mwajiri, kwa Kiingereza, kwamba mgonjwa anaendelea vizuri na mkewe pia hajambo. Barua arobaini na saba. Hazikuwa na kosa hata moja la nukta.

"Nimekuuliza," alisema shangazi.

"Tatu."

Vifungo vitatu vikaja. Wakaendelea. Shangazi aliuliza kwa sauti ileile aliyoitumia posta, isiyo na haraka wala pole, na Bi Nukta alijibu. Alipofika kwenye koo na kifua hakujibu kwa mdomo. Aliinua vidole vitatu. Walipomaliza, shangazi akavihesabu vifungo viwiliviwili.

"Thelathini na saba."

"Ni thelathini na nane," alisema Bi Nukta.

"Nimehesabu."

"Kimoja kimeanguka."

Wakainama wote wawili chini ya meza. Kilikuwepo, karibu na mguu wa kiti, cheupe, chenye matundu manne.

Shangazi akakiweka na wenzake. "Haya. Sasa nieleze mimi nisiyesoma. Hicho Kiingereza unachokihangaikia kina kosa gani?"

"Kilinipa kumi na moja."

"Nani alikijaza?"

"Mimi."

"Wewe uliyeandika zile barua?"

Bi Nukta akaweka kalamu chini. Kisha akainuka, akaenda kwenye begi lake, akatoa tafsiri ya kwanza kabisa, ile ambayo haikupata kupelekwa. Akaisoma amesimama. Koo na kifua vilikuwa mahali pake. Kungoja kulikuwa kungoja tu. Haikuwa na kosa. Wiki tatu alikuwa akiiharibu kazi nzuri, akitaka Kiingereza kimtie hofu, na yeye kwa Kiingereza hakuwahi kuogopa. Alikuwa akitoa taarifa.

"Mwanangu," alisema shangazi, akirudisha vifungo kwenye kopo, "mtu mwenye thelathini na nane huwa anafanywa nini?"

"Anamwona daktari."

"Ahaa," alisema shangazi, akatia uzi kwenye sindano.

Alhamisi saa tatu na nusu Bi Nukta alikuwa ofisini, amevaa koti, mbele ya tafsiri ile ya kwanza na fomu ya mabadiliko. Hiyo ni karatasi inayoambatana na kila tafsiri iliyorudiwa, na ina safu iliyoandikwa *Sababu*. Wafasiri wote huandika humo *kuboresha mtindo*. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, hospitali ilikuwa imeongeza mstari wake: mfasiri ambaye hali yake ya afya imeathiri kazi aeleze, na kamati itaamua kama jina lake libaki kwenye orodha.

Akalitazama jina lake kule ubaoni, la tatu kutoka juu. Mtu angeandika *kuboresha mtindo* na kuondoka zake. Lakini miaka yote hiyo alikuwa amewarudishia wenzake fomu kwa sababu ya safu ya Sababu, akiwaambia kwamba neno lisilo la kweli ni sawa na safu tupu. Akaandika: *Nilipima tafsiri kwa kujipima mwenyewe. Kipimo kilikuwa na hitilafu. Tafsiri haikuwa nayo.* Akakagua nukta. Zilikuwa tatu. Akapeleka.

Kamati ilikaa Jumanne iliyofuata: msimamizi, na mwanasaikolojia wa hospitali, mwanamke mwenye mafua aliyekuja na boksi zima la karatasi za kufutia pua. Karatasi mbili zikawekwa mezani, kilichotoka na kilichorudi. Mwanasaikolojia akapitisha kidole sentensi kwa sentensi, na ilichukua muda wa kutosha kwa Bi Nukta kuhesabu madirisha ya jengo la pili, mara mbili. Sentensi kumi na saba zilikuwa pacha. Ya kumi na nane ilitofautiana kwa kihusishi. Pembeni, kwa wekundu, Mrudishaji alikuwa ameandika: *Sina la kusema.*

"Imepita," alisema mwanasaikolojia. Kisha akaifunua fomu ya mabadiliko, akaisoma, akairudia. "Kipimo ni wewe?"

"Ni mimi."

"Kilisoma ngapi?"

"Kwa Kiingereza kumi na moja. Kwa Kifaransa thelathini na nane."

Msimamizi akaanza kupapasa mifuko ya shati. Bi Nukta akaliona hilo.

"Wodini tuna mzani wa watoto wachanga," alisema mwanasaikolojia, akipenga. "Mwaka jana ulianza kusoma vibaya. Hatukuutupa. Tuliupeleka kwa fundi, ukarudi kazini."

"Mimi si mzani."

"Hapana. Mzani haukutuambia, tuliugundua wenyewe, tukiwa tumeshapima watoto tisa." Akaandika kitu kwenye fomu na kuisukuma. "Jina libaki. Mfasiri aje kliniki Jumatatu, saa tatu, ndipo apewe kazi nyingine."

Msimamizi akaigusa miwani usoni mwake, akaonekana kushangaa kuikuta.

Jumatatu saa tatu Bi Nukta aliripoti kliniki. Mwuguzi wa mapokezi, mchangamfu, alimpa kalamu na karatasi yenye sentensi kumi na nane kwa Kiingereza. Ilikuwa bado inanukia wino.

"Mpya kabisa, mama. Wewe ndiye wa kwanza kuijaza."

Bi Nukta aliisoma kuanzia juu mpaka chini. Ilikuwa imechapwa vizuri. Akajaza kwa uaminifu wote, akairudisha. Mwuguzi akajumlisha, midomo ikimcheza.

"Kumi na moja! Hongera, mama. Hujafika ishirini na nne. Unaweza kurudi nyumbani."

Kwa karatasi, mambo yalikuwa yamekwisha. Utaratibu ulikuwa umefuatwa, tafsiri ilikuwa yake mwenyewe, na mlango wa kutokea ulikuwa wazi. Bi Nukta akaufikia, akashika kitasa. Nje kwenye korido palikuwa na safu ya viti, vya kahawia, na kwenye kimoja alikaa shangazi na mkoba magotini. Alimtazama tu, kama anayengoja laini ijibu.

Bi Nukta akarudi mezani.

"Dodoso ni sahihi," alimwambia mwuguzi. "Naomba niulizwe kwa mdomo."

"Kwa lugha gani?"

"Kiswahili."

"La Kiswahili hatuna, mama. Halijafasiriwa."

"Nimekuja na mkalimani."

Shangazi alikuwa ameshaingia. Mwuguzi akamtazama kuanzia kilemba mpaka viatu. "Bibi, wewe unajua Kifaransa?"

"Hata neno."

"Kiingereza?"

"Nilijua kusema usikate simu. Nimesahau."

Mlango wa ndani ukafunguliwa, mwanasaikolojia akachungulia, pua nyekundu. Akamwona Bi Nukta, akamwona shangazi, akaiona karatasi yenye kumi na moja mkononi mwa mwuguzi. Akausukuma mlango ukafunguka wote.

Kilikuwa chumba kidogo, chenye meza, viti vitatu na dirisha linalotazama ukuta. Shangazi akachagua kiti cha katikati. Akatoa kopo kwenye mkoba, akalifungua, akavimwaga vifungo juu ya meza ya hospitali.

"Daktari, binti yangu, sogeza hayo makaratasi," alisema. "Tutahitaji nafasi."

Bi Nukta akavua koti.